Mtakatifu Yohana Hapandi Ndege

Jumapili, 12 Juni. Pucallpa.

Tiketi imefika. Ya ndege! Imetumwa kwa simu kutoka nyumbani Iquitos, dada yangu Nélida, ninayekaa kwake huku, akaenda kuichapisha dukani, akarudi nayo ameishika kwa ncha za vidole kama cheti cha ndoa. Abelino Murayari, Pucallpa kwenda Iquitos, Jumatatu tarehe ishirini, saa nane mchana.

Kikundi chetu cha Mtakatifu Yohana kimechanga. Mwezi uliopita nilikuja huku kwa meli ya mtoni, nimeibeba sanamu ya Mtakatifu wetu kama mtoto mgonjwa, ili fundi ainusuru na mchwa. Mguu wa kushoto ulikuwa umeliwa mpaka gotini. Sasa mguu umepona. Kikundi kinataka arudi kwa heshima kabla ya sikukuu yake tarehe ishirini na nne: ashuke kutoka angani, apigiwe tarumbeta uwanjani. Na wamenichagua mimi kumsindikiza, kwa kuwa katika kikundi kizima ni mimi peke yangu niliyewahi kupanda ndege.

Sijawahi kupanda ndege.

Lilinitoka tu, siku ya posa. Mama Domitila, mkwe wangu, aliniuliza mtu anayeshona viti vya bajaji ameona nini duniani. Nikasema nimeruka hadi Lima. Nikasema mawingu ukiyatazama kwa juu ni kama unga wa muhogo ulioanikwa. Akafumba macho, akatabasamu, akanipa binti yake Zoila. Tangu siku hiyo kila Krismasi ananiambia, "Abelino mwanangu, tusimulie mawingu." Nasimulia. Kila mwaka yanaongezeka.

Na huyo huyo Mama Domitila ndiye mtunza nguo za Mtakatifu. Ana miaka themanini na kitu, macho yanafifia. Ametangaza kwamba mwaka huu ndio wa mwisho, na kwamba atampokea Mtakatifu kwa mikono yake, chini ya ngazi ya ndege. Amenunua viatu.

Ee Mungu. Viatu!

Jumatatu, 13 Juni.

Nimekwenda ofisi ya ndege kuuliza mambo mawili matatu. Nimejifanya ninamuulizia mjomba mwoga.

Binti wa pale alikuwa na adabu. Nikamuuliza kutoka hapa hadi Iquitos ni mbali kiasi gani. Akasema kilomita mia tano na kitu, Baba, kwa mstari wa moja kwa moja. Nikauliza ndege inatumia muda gani. Akasema kama saa moja, hata usipolala, soda hutaimaliza. Nikauliza huko katikati kuna nini. Akasema katikati hakuna kitu. Nikauliza hakuna kitu namna gani? Akasema ni msitu, Baba, msitu mtupu mpaka unaona taa za uwanja. Nikauliza je, ndege ikichoka katikati? Akaniangalia kwa huruma, akasema nimwambie mjomba ameze kidonge.

Usiku nimepima kwa uzi kwenye ramani ya kalenda ya Nélida. Kwa ndege, uzi unanyooka: vidole vinne. Kwa mto Ucayali, uzi umejikunja na kujikunja kama utumbo wa kuku, umeniishia hata sijafika Requena. Siku nne kwa meli, maji yakiwa mema.

Vidole vinne, saa moja, na chini hakuna kitu. Sijala.

Jumanne, 14 Juni.

Nimesali sana na nimepewa mwanga.

Yohana ni Mbatizaji. Alibatiza wapi? Mtoni. Alisimama wapi? Majini mpaka magotini. Maisha yake yote hakuna mahali panapoandikwa kwamba alipaa hata kidogo. Sasa mimi ni nani nimbebe mtu wa maji nimpandishe hewani? Ni kumkosea. Karibu na kufuru.

Kwa hiyo mpango ni huu. Napanda meli leo. Nafika Iquitos Jumamosi, au Jumapili. Najificha kwenye nyumba ya kulala wageni karibu na soko la bandarini, mahali ambapo hakuna mtu wa kikundi chetu anayelala. Jumatatu kabla ya saa tisa nachukua bajaji hadi uwanja wa ndege, nazunguka nyuma, ndege ikitua najichanganya na abiria, natoka nao na Mtakatifu kifuani. Mama Domitila anampokea. Tarumbeta zinalia. Nani amedhurika?

Nélida ameuliza nina haraka gani, ndege si Jumatatu? Nimesema nakwenda mafungo ya kiroho. Ameniangalia mpaka nikashuka ngazi.

Kwenye ubao wa meli wameandika kwa chaki: TUNAONDOKA LEO BILA KUKOSA. Nimefunga machela yangu ya kulalia, na nyingine ndogo pembeni kwa ajili ya Mtakatifu, nimemzungushia blanketi kuanzia kichwani. Amelala vizuri kuliko mimi.

Alhamisi, 16 Juni. Melini.

Tumeondoka. Ubao uliandika LEO tangu Jumatatu, watu wanasema. Nilijua tabia ya meli hizi, niliwapa siku moja ya uongo. Wametumia mbili. Bado hesabu inakubali: nafika Jumatatu asubuhi, badala ya kulala nyumba ya wageni nitaenda uwanjani moja kwa moja.

Machela ya kulia ni ya Doña Ermila, mama mnene mwenye nguruwe watatu chini ya miguu yake, anawapeleka Iquitos kwa sikukuu. Mwenye sauti. Dakika ya kwanza ameniuliza kwenye blanketi kuna nani.

Nimesema ni vipuri vya bajaji.

Akasema, "Vipuri vina pua, Don Abelino?"

Nikasema ni kitu cha injini. Akafanya ishara ya msalaba, akasogeza machela yake kidogo. Baadaye nimesikia anamnong'oneza mwenzake kwamba yule bwana amebeba maiti ya mtoto, maskini, na uchungu umemvuruga akili. Wameniletea supu. Nimekunywa supu ya msiba. Ilikuwa nzuri.

Ijumaa, 17 Juni. Contamana.

Siku mbaya.

Meli ilitia nanga Contamana kushusha sehemu ya simenti. Mtandao upo. Nikampigia Zoila, kwa sauti ya mtu aliyeketi kwenye kiti cha dada yake. Nikasema kila kitu kiko sawa, tutaonana Jumatatu uwanjani. Akasema Mama ameshapiga pasi vazi jekundu la Mtakatifu mara tatu, na analala na viatu vipya miguuni ili vilainike. Akasema Don Arquímedes anauliza kila siku kama nitaweza kweli.

Don Arquímedes Saboya! Mwenyekiti wa tarumbeta. Tangu tuchaguliwe pamoja kubeba jeneza la Bwana Yesu Ijumaa Kuu anadai bega langu liko chini. Ndiye aliyesimama kikaoni akauliza, mbele ya watu wote, ndege niliyopanda zamani ilikuwa na mabawa mangapi. Nilijibu ya kutosha.

Basi nikawa namwambia Zoila amwambie Don Arquímedes atulie, mtu mzoefu haulizwi. Ndipo nguruwe wa Doña Ermila akapiga kelele. Si kelele ya kawaida. Kelele ya hukumu ya mwisho.

Zoila akauliza, "Abelino, hiyo ni nini?"

Nikasema ni jirani wa Nélida anaimba. Nikainama kumziba nguruwe mdomo. Akanipiga kichwa. Simu ikaruka, ikagonga ukingo wa meli, ikaingia Ucayali. Neno la mwisho nililolisikia kwa mke wangu ni "Mama anata—"

Anata nini? Anataka? Anatapika? Anatamani? Sijui. Nimekaa kitako karibu na Mtakatifu mpaka jua likazama.

Doña Ermila amenipigapiga bega, akasema nilie tu, ndugu, marehemu anasikia.

Jumapili, 19 Juni.

Tumekwama.

Mto unashuka mwaka huu mapema. Asubuhi wakati nasali rozari, meli ilikwangua chini, ikainua pua kidogo, ikakaa. Fungu la mchanga. Kapteni Lisandro alitoka na kikombe chake cha kahawa, akatazama mbele, akatazama nyuma, akasema, "Basi." Akarudi kulala.

Nimemwendea. Nimemwambia nina jambo la lazima kesho saa tisa. Akasema hata yeye ana harusi ya binti yake. Nikamuuliza anategemea nini. Akanyoosha kidole juu.

Juu! Huko huko ninakokimbia.

Jumatatu, 20 Juni. Hapo hapo.

Sitaki kuandika haya, lakini nisipoandika leo nitayabeba mpaka kaburini.

Mchana watu walikuwa wamekaa kwenye kivuli cha mizigo, wanacheza karata. Mimi nilikuwa mchangani, nimekunja suruali, nasukuma meli kwa mikono. Peke yangu. Meli yenye simenti! Doña Ermila alikuwa ananipigia kelele toka juu: "Sukuma, Don Abelino, imetikisika!" Haikutikisika.

Ndipo tukaisikia. Ilitoka upande wa Pucallpa. Nyeupe, ndogo kama punje ya mchele, ikipita angani taratibu, haina shida na mtu. Watoto wakarukaruka na kuipungia. Ndani yake, karibu na dirisha, kulikuwa na kiti kitupu chenye jina langu. Ilipita juu ya kichwa changu, ikavuka kona tatu za mto ambazo sisi tungezizunguka mchana kutwa, ikapotea nyuma ya miti. Muda wa kumenya ndizi.

Nikajua sasa inafika. Sasa ngazi inashushwa. Sasa tarumbeta zinapuliziwa mate. Mama Domitila amesimama na viatu vipya, vazi jekundu limelala mikononi kama mtoto, anamhesabu kila anayeshuka. Macho yake hayaoni vizuri, kwa hiyo kila mwanamume atadhani ni mimi.

Nimebaki nimesimama mchangani mpaka maji yakafika magotini. Au mimi nilizama. Sikujali kujua.

Jumanne, 21 Juni.

Siri imetoka.

Chakula kinapungua, watu wamekuwa wakali. Mwanamke mmoja akasema meli imelaaniwa kwa sababu ya maiti ya Don Abelino, isiyozikwa. Wengine wakaitikia. Vijana wawili wakaja, kwa heshima lakini wakaja, wakasema itabidi tumzike mtoto hapa mchangani, watasaidia kuchimba.

Nilikataa. Nikaikumbatia ile machela. Wakavuta blanketi. Mtakatifu Yohana akatoka uso, na mwanakondoo wake, na mguu mpya unaong'aa kwa vanishi.

Doña Ermila akapiga magoti, na yeye kupiga magoti si kazi ndogo.

"Baba Yohana!" akalia. "Umekuwa nasi siku zote hizi na sisi tunacheza karata mbele yako!"

Akanigeukia. Akauliza kwa nini nilimficha. Nilifungua mdomo kusema kweli. Naapa ilikuwa ulimini. Nikasikia sauti yangu inasema niliweka nadhiri ya unyenyekevu, kumsafirisha bila watu kujua, kama maskini. Wamelia. Doña Ermila amenibusu mkono. Mkono ule ule uliomziba nguruwe.

Wamemtundika kwenye nguzo ya mbele, wamemfunga maua ya porini na mkungu wa ndizi. Mishumaa. Nyimbo. Kila anayepita ananiita "ndugu mtakatifu." Nimejifungia chooni muda mrefu kuliko haja.

Jumatano, 22 Juni.

Usiku mvua ilinyesha huko juu mtoni. Alfajiri meli ikajikuna mara moja, ikapiga chafya ya injini, ikaelea. Kila mtu anasema ni Mtakatifu. Na mimi naamini ni yeye. Ndiyo maana sithubutu kumtazama.

Alhamisi, 23 Juni. Requena.

Mtandao upo Requena. Doña Ermila akanipa simu yake, akasema mpigie mkeo, ndugu, atakuwa na wasiwasi.

Nikasema sikumbuki namba.

Naikumbuka. Naikumbuka kama Baba Yetu. Nilishika simu ile ya joto, nikawaza Zoila akiuliza, "Uko wapi?", nikairudisha. Doña Ermila akasema kweli dunia hainihusu tena, hata namba za watu nimezisahau.

Mpango mpya. Kapteni anasema tutafika Iquitos kesho kabla jua halijachomoza. Vizuri. Giza. Nitashuka wa kwanza na Mtakatifu chini ya blanketi, nipite nyuma ya soko, nimpeleke kanisani kwa mlango wa padri, nimuweke mahali pake kimya. Asubuhi watamkuta. Watasema amerudi mwenyewe. Nami nitatokea mchana, nimechoka, na maelezo yatakuwa yamejileta.

Tatizo ni abiria. Wamekataa afunikwe tena. Wanataka aingie mjini akiimbiwa. Nimewaomba. Nimewakumbusha nadhiri yangu ya unyenyekevu. Doña Ermila amesema, "Nadhiri yako imetimia, ndugu. Sasa ni zamu ya utukufu."

Hata hivyo, saa hiyo nani atakuwa bandarini? Mbwa na wapakia ndizi.

Ijumaa, 24 Juni. Mtakatifu Yohana. Nyumbani.

Alfajiri ya Mtakatifu Yohana!

Mimi, niliyebatizwa Iquitos, niliyekulia ukingo wa mto huu, niliyebebwa mgongoni na mama yangu kila mwaka siku kama ya leo kabla ya jua. Mimi nilisahau! Alfajiri hii mji wote huingia mtoni kuoga, kwa kuwa Mtakatifu ameyabariki maji, na asiyeoga hana bahati mwaka mzima. Nilipanga kupita mlango wa nyuma, kumbe leo mlango wa nyuma ndio ukumbi.

Tulizunguka kona ya mwisho, mbingu inaanza kuwa ya kijivu, na mto ulikuwa umejaa vichwa. Vichwa, vichwa! Watu wa kila mtaa, na nguo zao, na watoto mabegani, na sufuria za wali uliofungwa majani zinafuka ukingoni. Na meli yetu inaingia taratibu, mishumaa imewashwa, nguruwe wanalia, abiria wanaimba kwa sauti zote, Mtakatifu mbele kabisa na mkungu wa ndizi. Na mimi chini yake. Doña Ermila alikuwa amenishika kwa nyuma, kwenye mkanda, nisijidhili tena.

Kikundi chetu huoga mahali pale pale kila mwaka, penye ngazi. Waliona wote kwa pamoja. Tarumbeta ya Don Arquímedes ilikuwa imening'inia shingoni mwake, yeye majini mpaka kifuani. Zoila alikuwa na sabuni mkononi. Ikamponyoka.

Mama Domitila alikuwa kwenye ngazi ya chini, maji yamefika magotini, ameshikiliwa na wajukuu wawili. Akainua uso. Aliutambua wimbo kabla ya watu. Akasema, bila ukali wowote, lakini mto mzima ukasikia:

"Abelino mwanangu. Ndege imetua majini?"

Watu wakacheka mpaka ndege wa kweli wakaruka toka miti ya ng'ambo. Nami, badala ya kufa, nikanyanyua mkono nikatangaza. Nikasema ngazi ya ndege ilikuwa tayari. Nikasema Mtakatifu alinijia usingizini akaniambia, Abelino, mimi ni wa maji. Nikasema alikataa kuruka.

Wengine wakapiga vigelegele. Wengi, kusema kweli. Mtakatifu wa maji ameingia kwa maji siku ya maji, nani atabisha? Padri Anselmo alinitazama jinsi anavyotazama sahani ya sadaka yenye kifungo cha shati.

Don Arquímedes akasogea mpaka ubavuni mwa meli, akaniuliza kwa upole, "Na simu pia alikataza, Don Abelino?"

Hakusubiri nijibu. Akaweka tarumbeta mdomoni akaipiga, vizuri kuliko nilivyowahi kumsikia.

Mama Domitila akampokea Mtakatifu kwa mikono yake. Doña Ermila aliushusha mzigo, Mama akaufunika kwa lile vazi jekundu alilokuja nalo begani, majini hapo hapo, akaubusu mguu mpya. Alikuwa peku. Visigino vyake vimechubuka, nyama nyekundu.

Jioni Zoila ameniambia yaliyobaki. Hakupaza sauti. Jumatatu bendi ilingoja mpaka rubani mwenyewe akashuka. Mama akasema labda ni ndege ya kesho. Jumanne akaenda. Jumatano akaenda. Jana akaenda. Kila ndege ikitua anasimama. Aliyempeleka kwa bajaji yake kila siku, akamshikia mwavuli juani, akamvua viatu alipoanza kuchechemea, ni Don Arquímedes.

Nimemwomba Zoila chakula. Amenipa wali wangu wa sikukuu. Nimefungua majani: wali, kuku, zeituni. Yai hakuna. Miaka yote ya ndoa yetu hajawahi kunifungia bila yai. Nimekula nje, na mbwa.

Jumapili, 26 Juni.

Leo baada ya misa nimeamua. Nitaungama yote kwa Mama Domitila, kuanzia fungu la mchanga mpaka mawingu. Hasa mawingu. Nimevaa shati jeupe.

Nilimkuta uani, miguu kwenye beseni la maji ya chumvi. Nikapiga magoti. Nikasema, "Mama, nimekuja kukuambia jambo kuhusu ndege."

Akasema, "Vizuri. Nami nina jambo kuhusu ndege. Lakini kwanza nisimulie mawingu."

Ningefanya nini? Nilimsimulia. Taratibu, kwa aibu, kila neno linaniunguza. Unga wa muhogo ulioanikwa. Kivuli cha ndege kikikimbia juu yake kama panya. Hicho cha kivuli ni kipya, kimekuja tu. Alifumba macho kama siku ile ya posa.

Halafu akasema. Siku nne uwanjani zimemfundisha. Ameona vikongwe kuliko yeye wanapanda. Anataka kwenda Lima mwezi wa kumi, kutembea kwenye maandamano nyuma ya picha takatifu ya Bwana wa Miujiza, na kanzu ya zambarau, mara moja kabla hajafa. Kwa ndege. Wanawe watachanga. Na anataka mimi nimpeleke, hataki mwingine, kwa sababu mimi ni mzoefu.

"Tutakaa karibu na dirisha," akasema. "Unionyeshe huo unga. Mimi macho yangu hayafai, itabidi uangalie kwa ajili ya wote wawili." Akanishika mkono, mkono wake wenye maji ya chumvi. "Na usiogope, mwanangu. Nitakushika hivi hivi mpaka tutue."

Sikuelewa kwa nini anasema nisiogope. Uzee, nadhani. Amechanganya nani ni nani.

Nikasema ndiyo, Mama. Nikasema ni karibu tu, hata saa mbili hazifiki. Akacheka, akanipiga kofi dogo shavuni. Kuungama kukapita hivyo.

Nimerudi nyumbani nimechoka kwa aibu kama mtu aliyetoka kulima. Zoila bado hasemi nami, lakini ameniazima uzi. Kutoka Iquitos hadi Lima, uzi ukinyooka, ni kama vidole saba. Katikati kuna msitu, na baada ya msitu kuna milima yenye theluji. Milima! Chini si kwamba hakuna kitu. Kuna kitu, na kimechongoka.

Lakini upo mto mpaka Yurimaguas, siku tatu hivi, na kutoka hapo basi. Nimeshapita kuulizia bandarini. Ubao wa chaki unasema LEO.

Nimelipeleka jambo hili kwenye sala, kwa utulivu, na nimeanza kupata mwanga. Bwana wetu alipotaka kuwafikia wanafunzi wake alifanya nini? Alitembea juu ya maji. Angani alipanda mara moja tu, na mpaka leo tunamngoja.